Kifaa cha sikio kikifa, kusikia nako kunakufa? Historia tangu Paris 1957



Juma lililopita mama mmoja wa Masisi, ambaye sasa anaishi kwa ndugu zake hapa Goma, alinisubiri mlangoni mwa redio pamoja na kijana wake wa miaka tisa. Mtoto huyo aliacha kusikia akiwa mdogo, baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Wafadhili walimsaidia, akafanyiwa operesheni nje ya nchi, akawekewa kile kifaa ambacho sehemu moja inakaa chini ya ngozi nyuma ya sikio na sehemu nyingine inavaliwa nje. Alisikia kwa miaka minne. Sasa ni miezi miwili hasikii kitu.

"Kaka mwandishi," mama aliniuliza, "wanatuambia kile cha ndani kimekufa, kinapaswa kubadilishwa. Wakimfungua mtoto mara ya pili, atasikia tena kama zamani? Ama tutamtesa bure?"

Mimi si daktari, na sikutaka kumjibu kwa kubahatisha. Nilimwomba siku chache nisome. Nilichokuta ni kwamba swali lake lina umri sawa na kifaa chenyewe. Mtu wa kwanza kabisa duniani kuwekewa waya wa kumsikilizisha alifika pale pale alipofika mtoto huyu.

Kinavyofanya kazi

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Ndani kabisa ya sikio kuna kijumba kidogo cha mfupa kilichojiviringa kama konokono. Madaktari wanakiita koklea. Humo mna vinywele vidogo sana ambavyo vinageuza sauti kuwa umeme mdogo, na mshipa wa fahamu unaupeleka umeme huo kwenye ubongo. Vinywele hivyo vikifa havioti tena. Vinaweza kuuawa na homa ya uti wa mgongo, na dawa kali kama streptomisini na jentamisini, na mlipuko wa bomu, na watoto wengine wanazaliwa tayari vimeharibika.

Kile kifaa kinachoongeza sauti tu hakiwezi kumsaidia mtu wa namna hiyo, kwa sababu anayepaswa kuipokea sauti hayupo. Kipandikizi cha koklea kinapita njia nyingine. Sehemu ya nje ina mikro ya kukamata sauti na kompyuta ndogo ya kuipanga. Inaituma sauti hiyo kupitia ngozi, bila waya, kwa sehemu ya ndani. Kutoka hapo uzi mwembamba wenye vituo vya umeme, vinavyoitwa elektrodi, unaingia ndani ya koklea na kuugusa mshipa wa fahamu kwa umeme. Sehemu ya ndani haina betri. Inalishwa umeme na ile ya nje. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Paris: mtu aliyesikia mara mbili

Mwaka 1957 kulikuwa na mwanaume mmoja jijini Paris, Ufaransa, ambaye ugonjwa wa masikio na operesheni zake zilikuwa zimemharibu masikio yote mawili. Daktari Charles Eyriès aliitwa kumtengenezea mshipa wa uso. Mgonjwa huyo alitaka pia kujaribiwa chochote kinachoweza kumrudishia sauti hata kidogo. Basi tarehe 25 mwezi wa pili, Eyriès alimwekea kifaa kilichotengenezwa na mwenzake André Djourno, mtaalamu wa umeme katika mwili: koili ndogo chini ya nyama ya kichwa, na waya ukigusa kile kilichobaki cha mshipa wa kusikia.

Mgonjwa alisikia. Aliposimulia sauti zilivyokuwa, alizifananisha na milio ya nyenje. Baada ya mazoezi aliweza kutofautisha maneno machache ya kila siku, kama "papa", "maman" na "allô". Hakuweza kufuata mazungumzo, lakini alisikia watu wanaomzunguka, na midundo ya maneno yao ilimsaidia kusoma midomo.

Haikuchukua muda mrefu, kifaa kikakatika ndani ya mwili. Eyriès akamfungua tena na kumwekea cha pili. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuwekewa kifaa hiki ndiye pia wa kwanza kubadilishiwa. Na alisikia tena! Mshipa wake wa fahamu haukuwa umekufa pamoja na waya. Lakini cha pili nacho kiliharibika, na Eyriès alikataa kuingia mara ya tatu. Yeye na Djourno hawakuelewana tena, na mgonjwa akarudi kwenye ukimya wake.

Hadithi hii mara nyingi inasimuliwa kama mwanzo mzuri wa uvumbuzi. Mimi nilipoisoma nikiwa na swali la mama yule, niliona kitu kingine. Mwili wa mgonjwa uliukubali mchezo mara mbili. Waliochoka ni mashine na wale wawili walioitengeneza.

Los Angeles: kampuni ikiondoka

Habari za Paris zilivuka bahari. Huko Los Angeles, Marekani, mgonjwa mmoja alimpelekea daktari William House kipande cha gazeti kilichosimulia kazi ya wale Wafaransa. Mwaka 1961 House alijaribu. Vifaa vyake vya kwanza vilipaswa kutolewa baada ya muda mfupi kwa sababu mwili haukuvivumilia. Akangoja miaka kadhaa, mpaka vikapatikana vitu vinavyoweza kukaa ndani ya mwili bila kuudhuru, kisha akaanza upya na mhandisi Jack Urban.

Kifaa chao kilikuwa na njia moja tu ya umeme. Wakubwa wengi wa sayansi walikicheka. Mwaka 1977 ripoti ya Robert Bilger, aliyewapima watu 13 waliokuwa na vifaa vya njia moja, ilitoa jibu lenye pande mbili: kwa kifaa peke yake hawakuelewa maneno, lakini kiliwasaidia kusoma midomo na kuongea vizuri zaidi. Mwezi wa kumi na moja 1984, serikali ya Marekani ilikiruhusu kifaa cha House, kilichotengenezwa na kampuni 3M, kuuzwa kwa watu wazima.

Kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni hiyo iliacha kazi ya masikio. Fikirini hali ya mtu aliye na kitu cha kampuni ndani ya kichwa chake, na kampuni imeshafunga duka. Wengi kati yao baadaye walitolewa kile cha njia moja na kuwekewa cha njia nyingi. Nao ndio waliosaidia kujibu swali letu, kama tutakavyoona.

Melbourne: waliobaki na mgonjwa wao

Njia nyingi zilitoka pande mbili karibu wakati mmoja. Huko Vienna, Austria, Ingeborg Hochmair na mumewe Erwin walitengeneza kifaa kilichopandikizwa mwezi wa kumi na mbili 1977. Huko Melbourne, Australia, kulikuwa na daktari Graeme Clark, mtoto wa mwuza dawa aliyekuwa na shida ya kusikia. Clark alihangaika muda mrefu namna ya kuusukuma uzi ndani ya koklea bila kuichana. Mwaka 1977, akiwa pwani na familia yake, alichukua kombe la bahari lililoviringika, akaingiza ndani yake majani. Aliona kwamba jani lenye ncha laini na shina gumu linafuata mviringo wote mpaka ndani. Uzi wa elektrodi ukatengenezwa kwa mfano huo.

Tarehe 1 mwezi wa nane 1978 alimpandikizia Rod Saunders, ambaye ajali ya gari ilikuwa imemnyang'anya kusikia. Katika majaribio walimpigia wimbo wa taifa. Saunders aliutambua, akasimama wima kwa heshima, nyaya zote zikiwa bado zinaning'inia kichwani. Wa pili, mwaka uliofuata, alikuwa George Watson, mwanajeshi wa zamani wa Vita Kuu ya Pili ambaye masikio yake yaliharibiwa na mlipuko wa bomu. Ndugu zetu mliopita chini ya mabomu mnaelewa.

Kifaa cha kwanza cha Saunders nacho kilikufa. Lakini hapa historia haikufanana na ya Paris. Timu ilikuwa bado ipo, daftari la vipimo vyake lipo, na mwaka 1983 aliwekewa kipya katika sikio lile lile. Miaka mingi baadaye aliwekewa na upande wa pili. Alipofariki aliwaachia watafiti mifupa ya masikio yake, ili waangalie kile ambacho miaka mingi ya umeme na operesheni ya kurudia vimefanya humo ndani. Mtu mmoja, vifaa vitatu, na watu walioendelea kumfuata mpaka mwisho.

Walipoanza kupima

Katika miaka ya 1980 madaktari walikuwa na hofu ya kweli. Uzi ukikaa ndani ya koklea, mwili unaujengea ala ya nyama ngumu kuuzunguka. Je, ukiuvuta hautachana kila kitu? Na ukiingiza mwingine, si utaua mishipa iliyobaki?

Timu ya Vienna iliandika juu ya jambo hilo mwaka 1985. Mwaka 1989 timu ya Iowa, Marekani, ikiongozwa na Bruce Gantz, ilitoa vipimo vya kusikia vya watu waliobadilishiwa. Mwaka huo huo watafiti wa California walichunguza koklea za paka waliowekewa uzi mara mbili: hatari kubwa ilikuwa pale ambapo njia imezibwa na nyama au mfupa mpya, na uzi ukalazimishwa. Mwaka 1998 timu ya Iowa ikatoa hesabu ya watu waliotoka kwenye njia moja kwenda njia nyingi, wakiwemo wale walioachwa na kampuni yao. Wengi wao walielewa maneno vizuri kuliko zamani.

Tangu hapo maandishi yamekuwa mengi, maana vifaa ni vingi: kufika mwisho wa 2019 vilikuwa vimeshawekwa zaidi ya 700,000 duniani. Mwezi wa tisa 2011 kampuni ya Cochlear ya Australia iliondoa sokoni aina moja ya vifaa vyake ambavyo unyevu ulikuwa unaingia ndani. Waliokuwa navyo kichwani hawakuambiwa wote wavitoe. Vilivyozimika ndivyo vilivyobadilishwa. Hospitali nyingi zikajikuta na wagonjwa wa kurudia, zikapima kabla na baada.

Jibu la jumla la miaka yote hiyo ni hili: walio wengi wanarudi pale walipokuwa, na baadhi wanapita pale. Wachache wanabaki chini ya walipokuwa zamani.

Kwa nini vinakufa

Sababu zinagawanyika katika makundi matatu. La kwanza, mashine inazimika kabisa: unyevu umeingia, elektroniki imeungua, au kichwa kimegongwa. Watoto wanaongoza hapa, kwani wanaanguka na kucheza mpira. La pili, mashine inaonekana nzima kwenye vipimo lakini mtoto anasikia vibaya kila siku, au anaumwa, au sauti inakatika. Kundi hili linasumbua madaktari zaidi, kwa sababu hakuna ushahidi kamili mpaka kifaa kitolewe. La tatu ni la mwili wenyewe: maambukizo, ngozi kufunguka, uzi kutoka mahali pake. Pakiwa na maambukizo, mara nyingi wanalazimika kutibu kwanza na kungoja kabla ya kuweka kipya.

Ikiwa hakuna maambukizo, wanapendelea kutoa na kuweka siku hiyo hiyo. Daktari anaukata waya karibu na koklea, anauacha ule uzi wa zamani ndani ili njia isizibe, anaandaa kipya, kisha dakika ya mwisho anavuta cha zamani na kupitisha kipya katika ala ile ile. Ile nyama ngumu waliyoiogopa ndiyo inayoonyesha njia.

Kinachorudi na kisichorudi

Mambo manne yanaonekana kuamua zaidi.

Kwanza ni alivyokuwa anasikia kabla. Aliyeelewa maneno vizuri na kifaa cha kwanza ana tumaini kubwa na cha pili. Ubongo wake umeshajifunza.

Pili ni muda. Mtoto aliye kimya mwaka mzima anapoteza mazoea, masomo na maneno. Njia ya ndani nayo inaweza kuziba ikiwa uzi umetolewa bila kurudishwa.

Tatu ni kuingia kwa uzi. Kipya kikifika kote ambako cha zamani kilifika, matokeo yanafanana. Waliougua homa ya uti wa mgongo wanahitaji uangalizi zaidi, maana ugonjwa huo unaweza kujaza mfupa ndani ya koklea. Daktari anapaswa kuona picha za ndani kabla ya kuahidi kitu.

Nne ni kazi ya baadaye. Sehemu ya nje haiwashwi siku ya operesheni. Mara nyingi wanangoja majuma kadhaa kidonda kipone, kisha wanairekebisha kidogo kidogo. Siku za kwanza sauti zinaweza kuwa ngeni, mtoto akakataa kuvaa. Hiyo haina maana kwamba operesheni imeshindwa. Wengi wanarudia hali yao ndani ya majuma au miezi, ikiwa kuna mtu wa kurekebisha na mtu wa kuongea nao kila siku nyumbani.

Mwaka ule ule, njia nyingine

Kuna tarehe moja sikutaka kuiacha. Mwaka 1957, wakati Paris wanashika waya, Mmarekani mweusi Andrew Foster, ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi, alifungua shule ya viziwi huko Ghana. Aliendelea katika nchi nyingi za Afrika, hata kwetu, enzi ya Zaire. Alifariki mwezi wa kumi na mbili 1987 katika ajali ya ndege huko Rwanda, karibu na Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Yeye alifundisha kwa mikono, kwa lugha ya alama.

Ninamtaja kwa sababu familia nyingi zinaambiwa zichague: kifaa ama alama. Historia ya kubadilisha vifaa inanifanya nione vingine. Kila kifaa kina siku yake ya kufa. Mtoto anayejua alama hatabaki bila lugha siku hiyo, hata kama safari ya operesheni itachukua mwaka.

Tulichomjibu mama

Tulikaa naye tena. Nilimwambia kwamba kwa watoto wengi jibu ni ndiyo, kusikia kunarudi, lakini kwa mtoto wake ni daktari aliyemwona anayeweza kusema. Kisha tuliongea juu ya mambo haya, ambayo tunawaletea nanyi pia.

Kabla ya kukubali kwamba cha ndani kimekufa, hakikisheni cha nje ni kizima. Kumbukeni, cha ndani kinakula umeme wa cha nje. Betri iliyochoka, waya uliokatika au ile sumaku ya kichwani iliyoingia maji inatosha kumnyamazisha mtoto. Ombeni kijaribiwe na cha nje kingine cha aina ile ile.

Tunzeni ile kadi ya hospitali yenye aina na namba ya kifaa. Ipigeni picha kwa telefoni na mtumie ndugu aliye mahali pengine. Mama huyu aliiacha nyumbani siku ya kukimbia, na bila namba hiyo ni vigumu kujua kama dhamana ya kampuni bado inamlinda mtoto.

Andikeni tarehe aliyoacha kusikia, na kama alianguka, aliumwa, au sauti ilikuwa inakatika kabla. Akiwa na homa kali na maumivu ya kichwa, msingoje, kimbieni hospitali. Ulizeni pia kama alipata chanjo ya nimokoki, maana wenye vifaa hivi wanaihitaji zaidi kujilinda na homa ya uti wa mgongo.

Na kwa familia zinazoahidiwa operesheni ya kwanza, ulizeni mapema: kikifa, nani atakibadilisha? Nani atalipa safari? Nani atakirekebisha hapa karibu? Katika Afrika kuna mahali ambapo kazi hii imeota mizizi, kama hospitali ya Tygerberg huko Afrika ya Kusini tangu 1986, lakini kwetu safari bado ni ndefu. Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mgonjwa wa Paris alipata wa kumpandikizia na hakupata wa kumlea. Saunders alipata vyote viwili.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Aliomba karatasi aandike tarehe: siku ya Jumapili, kanisani, kijana aligeuka akamwambia kwaya imenyamaza, nayo ilikuwa bado inaimba. Sasa anawatafuta wale wafadhili ili waulize namba ya kifaa kule kilikowekwa. Wakati tunaongea, dada wa yule kijana alikuwa amekaa naye kwenye ngazi za redio, anamfundisha kwa vidole maneno aliyojifunza mwenyewe kwa jirani kiziwi. Mtoto alikuwa anacheka.

Tukipata habari zaidi, tutawaletea.